Mlango Wangu, Nyumba Yako

Hapa Kasongo, Kongo, wananiita Avoka. Sijaapishwa mbele ya korti yoyote. Mimi ni mwanasheria wa ofisi tu, upande wa nyumba na viwanja, na ofisi yenyewe siitaji jina kwa kuwa bado naitumainia. Tumo wengi humo tunaoitwa wapya, yaani wasio na namba wala mshahara. Mimi nina mwaka wa tisa katika upya huo.

Asubuhi kazi yangu ni kuudhi wazee. Anaingia mmoja na fimbo yake: kiwanja kile babu alipewa na Tippu Tip mwenyewe. Namwambia kwa adabu kwamba mji wa Tippu Tip, ule walioutwaa askari wa Dhanis, ofisa wa Kibelgiji, mwaka 1893, ulikuwa kule Tongoni, si hapa. Anafikiri kidogo. "Basi babu alitangulia kuhamia." Namsomea sheria ya ardhi ya 1973: udongo wote ni mali ya Serikali, raia hupewa haki ya kuutumia, na hati inayotambulika ni sertifika ya kuandikishwa. "Serikali ipi," anauliza, "hiyo isiyokulipa?" Kisha anafunua karatasi ya daftari yenye sahihi ya sefu wa avenyu na vidole gumba vitatu. Kimoja ni cha marehemu aliyezikwa kabla ya tarehe iliyoandikwa pale juu.

Lakini wazee nawavumilia. Kilichonishinda ni mlango.

Mpangaji mmoja alihama nyumba ya mama fulani na kuondoka na mlango mgongoni. Alisema aliununua kwa pesa zake, maana alipoingia alikuta pazia. Mama alisema pazia lilikuwa zuri, tena yeye huyo mpangaji ndiye aliyelichana akapanguzia baiskeli. Nikaomba mkataba. Wote wawili wakacheka, nikabaki mimi peke yangu na uso wa sheria.

Nikaamuru mlango uwekwe ofisini mpaka dosye iishe. Hapo ndipo nilipokosea. Mlango wetu wenyewe ulikwisha kuliwa na mchwa, mvua za Novemba zikawa zinaingia hadi kwenye kabati la karatasi. Mwenzangu, bila kuniuliza, akaita fundi, akaupachika ule wa kesi. Ukakaa sawasawa, kama aliyeuchonga alipima kwetu.

Wiki iliyofuata wale maadui walikuja pamoja, wamepatana kabisa. Hawadaiani tena. Wanatudai sisi: kodi ya mlango kila mwezi, na garanti ya miezi kumi mbele, wagawane nusu kwa nusu.

Nikapata nguvu. Angalau hapa nilikuwa na kifungu! Nikafungua sheria ya kodi za nyumba ya tarehe 31 Desemba 2015, nikawaambia kwa nyumba ya kukaa garanti haipiti miezi mitatu.

Mpangaji akadakia: "Avoka, hapa si nyumba ya kukaa. Hapa ni mahali pa kazi."

Mama akageuza shingo polepole. Akamtazama mwenzangu aliyelaza kichwa juu ya meza, akatazama mashine ya kuandika yenye utando wa buibui, akanitazama mimi.

"Mwache, mwanangu," akamwambia. "Hawa wanakaa tu. Twaa hiyo mitatu."