Mwizi wa Sabuni

Mtoto wa darasa la pili amehitimu somo la kunawa mikono. Muulize tu: atakuimbia kwamba vijidudu havionekani kwa macho, kwamba maji matupu hayatoshi, kwamba unasugua sekunde 20 mpaka katikati ya vidole. Kengele ya uji ikilia, msomi huyohuyo anachovya ncha za vidole kama anayeonja chumvi ya mchuzi, anajifuta kwenye kaptura na kuwahi foleni.

Shuleni kwetu, Dar es Salaam, tulitundika vibuyu chirizi karibu na vyoo: dumu la lita tano, kamba, na kijiti cha kukanyaga ili mkono usiguse dumu. Watoto walikikanyaga kijiti kwa furaha mpaka maji yakaisha kabla ya saa nne. Mikono ilibaki mikavu; viatu ndivyo vilivyooga.

Halafu sabuni ikaanza kupotea. Mwalimu wa zamu alipekua mikoba, akakuta maembe mabichi, pilipili ya unga, gololi na barua moja ya mapenzi. Sabuni, hola. Mwalimu mkuu akasimama mstarini kukemea wezi. Alipofika kwenye neno "aibu", kunguru alitua kwenye kibuyu, akanyofoa kipande kizima cha sabuni ya mche, akaenda kukidonoa juu ya paa la ofisi yake.

Kunguru hawa asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wapunguze taka mjini. Huenda bado wako kazini, na hiyo sabuni ni stahiki yao.

Tukaitia sabuni kwenye soksi. Darasa la pili nao wakaunda kikosi cha ulinzi, na sheria wakazitunga wenyewe: hupewi uji mpaka mkono wako unuswe. Ukinukia sabuni, pita. Ukinuka vumbi, unaitwa Kunguru hadi kesho. Mabango yetu ya vijidudu yalining'inia ukutani miaka yote bila kumtisha mtu. Jina hilo limewatisha wote. Sekunde 20 sasa zinahesabiwa kwa sauti, ingawa kutoka tisa wanarukia kumi na tano.

Juzi mwalimu mkuu alikuja kuchukua uji, vidole vimejaa chaki. Askari mmoja, kimo cha meza, akamzuia kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mwalimu. Tunaomba mkono tunuse."

Akarudi kunawa.