Sifa za Basuni, Mbeba Aibu wa Okestra

Violini ina washairi wake, piano ina mabwana zake, na tarumbeta hujisifu yenyewe. Basuni haina wakili. Basi nimejitolea kuitetea, tena bila ujira.

Tuanze na umbo, maana ndipo wasioitakia mema wanapoanzia. Ni bomba la mbao lenye urefu wa mita mbili na nusu, lililokunjwa likarudi juu sambamba na lenyewe. Wao wanaona bomba la maji. Mimi naona adabu. Mrefu aliyekubali kujikunja ili wa nyuma naye aone, huyo kalelewa.

Wanalalamika kuwa ni ngumu kupiga. Katika ala nyingi kidole gumba ni kabaila: kinashikilia tu, wenzake wakihangaika. Basuni imekitafutia kazi. Gumba la kushoto peke yake lina vibonye kama tisa vya kuhudumia. Mwaka 1831 Wajerumani wawili, Almenräder na Heckel, walifungua karakana ili kuirekebisha. Sauti ikanyooka, jasho la vidole likabaki palepale.

Halafu kuna utete. Mpigaji hununua tete, akalichonga kwa kisu, akalifunga kwa waya, likamtii siku zote za mazoezi na kumgomea usiku wa onyesho kwa kuwa hewa imebadilika. Mpiga zumari wa Pwani, ambaye riziki yake nayo iko kwenye utete, hatahitaji maelezo zaidi. Wengine hupata subira kwa kufunga na kuomba. Huyu huipata kwa kisu.

Lakini fadhila yake kubwa ni hii: basuni hubeba aibu kwa niaba ya okestra nzima. Mwaka 1705, mjini Arnstadt, kijana Bach, mpiga kinanda wa kanisa, alimkejeli mwanafunzi mmoja kwa namna alivyopiga basuni. Mwanafunzi akamvizia njiani na fimbo, Bach akachomoa upanga. Filimbi gani imewahi kumpandisha mtu wa kanisa hasira kiasi hicho?

Haydn naye, katika Simfonia ya 93 iliyosikika London mwaka 1792, aliacha muziki wa taratibu ufifie hadi karibu na kimya, kisha akaiamuru basuni itoe noti moja nene, kwa nguvu zote, ya aina ambayo mtu mzima akiitoa mezani humsingizia mtoto. Violini hazingekubali. Basuni ilitii. Prokofiev alipotafuta sauti ya babu mnung'unikaji katika Petro na Mbwa Mwitu, mwaka 1936, hakuhangaika kuuliza nani yuko tayari. Hata Stravinsky, katika kazi iliyozusha zogo ukumbini Paris mwaka 1913, aliitanguliza basuni peke yake, juu kabisa ya sauti yake, ikapokee macho ya watu kabla ya wengine.

Mtu wa kuchekwa, mtasema. Sawa. Lakini mwaka 1893 Tchaikovsky aliandika simfonia yake ya mwisho, yenye huzuni kuliko zote, na alihitaji ala ya kuanza kuomboleza. Akaichagua basuni, chini kabisa, huku mabesi yakiishikilia. Violini zilikuwapo kwa makumi, zimekaa mbele, zimeng'arishwa. Zikaambiwa zisubiri.