Nileteeni Shoka, Majiko Ninayo

Nyumbani kwangu hapa Garsen moshi una wasemaji wengi kuliko wapulizaji. Baba watoto akiwa barazani na wenzake, upepo ukigeuka kidogo tu ukampelekea wingu la jikoni, utamsikia akipaza sauti: "Jamani, mnachoma nini huko?" Tunachoma ulichotuletea, baba. Tunachoma gogo la mathenge lililokatwa jana, majani yake hayajanyauka, na ukilichomeka ardhini saa hii litachipua kabla maharagwe hayajaiva.

Shemeji naye akija kutoka Mombasa huanza kukohoa tangu langoni. Hukohoa kwa adabu, mkono mdomoni, kisha hutoa simu anionyeshe picha ya jiko. Siku hizi kila mtu ana picha ya jiko la kuninunulia: la dohani, la feni, la chuma, la udongo, hata lipo linalochaji simu wakati wali unaiva. Picha ya shoka sijaonyeshwa.

Na majiko ninayo. Mafiga ya mama mkwe yako palepale nilipoyakuta nilipoolewa, na hakuna wa kuyagusa. Kando yake lipo la kikombe cha udongo wa kufinyangwa, aina ile ambayo Maendeleo ya Wanawake walisaidia kuieneza nchini miaka ya 1980: kikombe unakizungushia mawe na udongo, unaacha mdomo mmoja wa kuni, basi. Halafu lipo la roketi. Hilo lililetwa na mradi mmoja uliokuja na hema, fulana na maji ya chupa. Tulipigwa picha tumeliinamia tukitabasamu, wakapanda gari wakaenda zao.

Roketi yenyewe ni wazo zuri, sitalisingizia. Mmarekani mmoja, Larry Winiarski, ndiye aliyeibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Njia ya moto imepinda kwa ndani. Kuni zinaingia kwa ubavuni, moto unapanda juu ndani ya ukuta unaozuia joto lisipotee, na moshi unaungulia humohumo kabla haujaona uani. Lakini mdomo wake hauzidi upana wa kiganja, na kwangu kuni huletwa za unene wa paja. Kwa hiyo roketi ilikaa pembeni mpaka kuku akaona ni pahali pa heshima pa kutagia. Vifaranga walitoka salama, nashukuru. Katika ile taarifa ya mradi sidhani kama walihesabiwa.

Hapo ndipo ninapogombana na ulimwengu wa majiko. Hakuna jiko lililobuniwa likaweza kupikia maji. Mti mbichi umejaa maji, mara nyingi yanakaribia nusu ya uzito wake. Mtu akinitulia tita mlangoni huku anahema, "Leo nimebeba kuni nzito kweli," mimi najua alichokibeba. Na maji mimi sina shida nayo, Mto Tana uko hapo nyuma. Ukiwasha kuni hizo, moto unachemsha kwanza maji yaliyo ndani ya gogo, ndipo uikumbuke sufuria. Unasikia chwiii, povu linatoka mkiani mwa gogo, macho yanakuchuruzika, na chai bado haijapata hata uvuguvugu. Ule moshi wenyewe ni kuni iliyopaa bila kuungua. Tumeikata, tumeibeba, tumeipulizia, kisha tumeitoa dirishani ikamuudhi baba barazani.

Wataalamu wanasema kuni nzuri isizidi unyevu wa asilimia 20. Kipimo mimi sina. Nachukua mbili nazigonganisha: zikilia ko! ko! zinaingia jikoni, zikilia bu! zinarudi juani. Natazama kichwa cha kuni kimepasuka nyufa au bado kimefumba, na ganda linabanduka kwa ukucha au limeng'ang'ania. Kaskazi yetu, tangu Desemba mpaka Machi, ina jua la kumkausha mtu maneno mdomoni. Kuni iliyopasuliwa, ikapangwa kwa kupishana upepo upenye, ikainuliwa juu ya vijiti isilale na mchwa, na juu ikawekewa bati, inakauka vizuri kabla ya masika. Lakini ipasuliwe! Gogo zima lililovaa ganda lake linaweza kukaa msimu mzima pale, nje limekauka linakudanganya, ndani bado bichi.

Ingekuwa kuni ni haba ningenyamaza. Tana River tunaweza kukosa lami, tukakosa maji ya bomba, lakini mathenge hatujawahi kumkosa. Mti huu ulipandwa Bamburi mwaka 1973, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyoachwa matupu. Mapema miaka ya 1980 ukaletwa kwetu, Bura na Hola, kwa nia njema kabisa: watu wanahamishiwa kwenye skimu ya umwagiliaji, watapikia nini? Wapandiwe kuni. Wakapandiwa. Baada ya hapo mathenge hakungoja tena mpanzi. Mifugo ilikula maganda yake matamu, ikambeba tumboni, ikamwaga mbegu kila malishoni na kila ukingo wa mto. Kule Baringo utamu huo uliwaozesha mbuzi meno, watu wakaishtaki serikali mwaka 2006, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani Nairobi awe ushahidi. Hapa kwetu miiba yake inatoboa malapa, inatoboa magurudumu ya bodaboda, na majirani zangu Waorma wanamlaani kila wakitazama malisho yao yalivyozibwa.

Sasa mti wenye uadui na kila mtu, ambao ukikauka unawaka moto mkali uliotulia na kuacha makaa ya kupalia wali mpaka ukauke vizuri, kwa nini tunauchoma mbichi? Kwa sababu upo. Ungekuwa unauzwa kwa kilo tungeuanika, tungeufunika, tungeufungia kufuli. Kitu cha bure hakianikwi.

Kukata kwenyewe kuna mpwa wangu, kijana mwenye nguvu, Mungu amzidishie, ila akipewa jiko la kuchochea analifanyia vita. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hawakusema kinga kumi na mbili. Yeye anashindilia mpaka mdomo wa jiko haupitishi hata ujiti wa kiberiti. Siku nilipomfukuza kuku kwenye roketi nikamwonyesha: hiki kibati hapa ni cha kulazia kuni, juu yake kuni, chini yake pabaki wazi hewa ipite. Nikaenda kuchambua mchele. Kurudi, nikakuta kule chini nako kumejaa.

"Niliona pana nafasi, shangazi."

Moto ukikosa hewa unafuka. Ukifuka, anaongeza kuni. Akiongeza, unafuka zaidi. Nikamwambia, mwanangu, vipande viwili vitatu vya unene wa kidole gumba, vichwa vikutane, uvisukume polepole kadiri vinavyoungua.

"Lakini hiyo inataka mtu akae hapo hapo, shangazi."

Ndiyo, mwanangu. Anakaa. Umemkuta amekaa.

Na kifuniko! Sufuria iliyofunikwa inaiva upesi na kwa kuni chache, hilo halihitaji semina. Nyumbani kwangu mwanamume hapiti jikoni bila kufunua. Hataki kitu, hasongi, haonji, anafunua tu, anatazama mvuke ukimpanda usoni, anasema "Mm," anaondoka na kuacha kifuniko mezani. Maharagwe nayaloweka tangu usiku yapunguze muda wa moto, nikishayachemsha vya kutosha naepua sufuria, naizongea mablanketi ndani ya kapu yajimalizie yenyewe bila ukuni hata mmoja. Mama mkwe alipoona mara ya kwanza akaita jirani aje ashuhudie: "Njoo uone, maharagwe ya mke wa mwanangu yana homa."

Mama mkwe ndiye mpinzani wangu wa kweli, kwa sababu ana hoja.

"Mama," nilimwambia, "tupunguze moshi."

"Tupunguze, halafu mbu watule?"

Asiyewahi kulala Garsen maji ya mafuriko yakianza kukauka asimcheke. Akaendelea: moshi ndio unaoyatunza haya makuti yasiliwe na wadudu, moshi ndio unaolinda mahindi ya mbegu pale uchagani. Kisha akaniuliza kuhusu maziwa. Yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa hukifukiza chombo chake kwa kijinga cha moto, na maziwa yanakuja yana harufu ambayo mimi mwenyewe humwambia asiiache. "Moshi wa kwenye kikombe unaulamba," akasema, "wa jikoni unautukana."

Nikatoa silaha yangu kubwa. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 ni zaidi ya 237,000.

"Mimi nina umri gani?" akauliza.

Sikujibu. Umri wa mama mkwe hautajwi.

"Na nimeanza kupikia moshi lini?" Akataka kuendelea, kikohozi kikamkatiza. Tukangoja kiishe. Kilichukua muda wake. Kilipoisha akajifuta macho akasema ni vumbi.

Tulipatana hivi: magharibi anafukiza apendavyo, vifuu viwili vya nazi na majani ya mwarobaini kwenye kigae, mlango wazi. Mchana jiko ni langu. Wajukuu hawakai mlangoni mwa jiko moto unapokokwa. Amekubali, isipokuwa siku ambazo hakubali.

Wapo wanaoniambia niachane na kuni kabisa nitumie umeme. Hao nawaalika waje tusimame kwenye daraja la Garsen tuutazame mto. Huko juu una mabwawa matano ya kuzalisha umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lile kubwa la kuhifadhia maji, lilikamilika mwaka 1981. Umeme unatoka humo unaingia kwenye nyaya za taifa. Nguzo kubwa za njia ya kutoka Rabai kwenda Lamu zimepita hapa hapa, nazihesabu nikiwa nimejitwisha kuni. Tokeni za kuwasha taa zinaniumiza kichwa, sembuse za kuchemsha maharagwe! Umeme wa mto unafika Nairobi, na mabwawa yakifurika, maji yanafika kwangu. Mvua za mwishoni mwa 2023 zilitufuata, na masika ya 2024 yakamalizia. Akiba yangu ya kuni niliyoipanga kwa mikono yangu ikanyanyuka taratibu, ikaelekea Kipini bila nauli. Zilielea vizuri sana. Zilikuwa kavu.

Gesi ninayo pia, mtungi mdogo. Ni ya chai ya wageni. Ukiisha, unaozunguka kutafuta wa kubadilisha si huo mtungi, ni mimi. Tusijidanganye, sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zinapikia kuni, kwa hiyo sioni kwa nini kuni zizungumzwe kwa aibu, eti ni mambo ya zamani yanayosubiri kuisha. Kama ndizo tunazopikia, basi zipewe heshima ya kupasuliwa.

Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba wanaume wa nyumba hii hawajui, kwamba ni jambo la kufundishwa kwa upole. Halafu ikaja harusi ya mtoto wa jirani. Pilau ya harusi kwetu inapikwa na wanaume, uani, kwa masufuria ya kuingia mtoto mzima, na mkuu wao safari hii alikuwa baba watoto. Akaja nyumbani alfajiri kutafuta kuni. Nikamwonyesha gogo alilolileta mwenyewe juzi.

"Hili?" Akaligusa kwa kidole cha mguu. "Hili bichi. Moshi wake utaingia kwenye pilau, watu watanicheka."

Akaenda moja kwa moja kwenye akiba yangu chini ya bati. Akachukua mbili, akazigonganisha. Ko! ko! Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akabeba zote, na shoka juu yake.

Mchana nikapita pale uani na sinia langu la kachumbari, nikamwona kwa macho yangu. Anapasua vijiti vyembamba. Anavipanga akiacha nafasi ya hewa. Sufuria imefunikwa, na kijana yeyote anayesogeza mkono kwenye kifuniko anafokewa. Mpwa wangu alipoleta mzigo wa kusukumiza ndani akazuiwa njiani: "Usijaze! Moto unataka pumzi!" Moshi hata wa kufukuzia nzi haukuwepo. Pilau ilitoka kila punje peke yake, na alipita akipongezwa na wazee mpaka jioni.

Asubuhi yake nikakuta pale chini ya bati pamebaki magamba na mchwa wawili waliopotea. Nikatafuta shoka nianze upya. Baba watoto, akiwa barazani, akaniambia bila kugeuka kwamba limeazimwa Ngao. Kuna harusi nyingine Jumamosi.