Barua ya Wazi kwa Mwenye Toroli Linalovuta Kushoto

Mheshimiwa Meneja Mkuu, Mlezi wa Ghala, Mwenye Zamu za Mchana na za Usiku,

Shikamoo. Marahaba nimekwisha kujiitikia mwenyewe, nisije nikakupotezea muda.

Baada ya salamu, kwa heshima na taadhima, mimi msukuma toroli wako hapa Herndon, Virginia, nashika kalamu kukushukuru. Naandikia ndani ya treni ya Silver Line, iliyochelewa miaka kadhaa ikatufikia Novemba 2022. Ndiyo maana hata kuhusu gurudumu la toroli lako sijakata tamaa.

Nilipotoa taarifa kwamba gurudumu limepinda na toroli linavuta kushoto, ofisi yako tukufu ilinijibu kwa neno moja: "Utazoea." Wenye chuki waliita dharau. Kumbe ilikuwa elimu! Mwaka 1994 watafiti Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi walichapisha jaribio lao: mtu anashika mpini wa roboti, anaupeleka mkono kwenye alama, na roboti inamsukuma pembeni. Mwanzoni njia ya mkono inapinda. Akirudiarudia inanyooka, kwa kuwa ubongo umejifunza kuikisia nguvu ile na kuipinga mapema. Nguvu ikiondolewa ghafla, mkono hupinda upande wa pili, ukipigana na adui aliyekwisha kuondoka. Shadmehr baadaye alikuwa na maabara Johns Hopkins, kule Baltimore, si mbali na hapa. Wewe, Mheshimiwa, umefungua ya kwako bila ruzuku.

Nimezoea, basi. Kazi hiyo ya kuzoea hutegemea sana serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, ambayo naithibitishia idara yako ya fedha kwamba haijawahi kudai malipo ya saa za ziada.

Tatizo ni nyumbani. Toroli nimeliacha kwako, lakini mkono haujaarifiwa. Kijiko cha uji kinaupita mdomo na kulielekea sikio la kulia kwa utiifu mkubwa. Wataalamu husema kosa hilo hupungua upesi, mkono ukishanyooshwa mara kadhaa. Ni kweli, ila mara kadhaa hizo ndizo uji wenyewe. Tena ubongo hujifunza haraka zaidi jambo ulilowahi kulijua, hivyo kila zamu gurudumu lako hunikuta mwanafunzi bora kuliko jana.

Sithubutu kuomba gurudumu jipya. Gharama yake ingeweza kuiyumbisha kampuni. Wala sitarajii barua hii isomwe, kwani zilizotangulia zilipokewa kwa ukimya ulionipa heshima nisiyoistahili. Naomba jambo dogo tu: kila asubuhi, Mheshimiwa, ufike kwangu, uketi kulia kwangu, na ninapokula unisukume kiwiko kuelekea kushoto, taratibu, kama lifanyavyo toroli, mpaka bakuli liishe. Kiti kitafutwa vumbi.

Ukipata udhuru, mtume Naibu wako, mradi asukume kwa nguvu ileile ya gurudumu. Akizidisha, nitalazimika kuzoea upya.

Wako mtiifu,
Msukuma Toroli, Zamu ya Usiku