Sifa za Mzee Kutu

Tuseme ukweli: hapa Kama, Maniema, katika nyumba zenye bomba la chuma, mfanyakazi asiyekosa kazini ni mmoja tu. Fundi huzuiwa na mvua, umeme huja unapopenda, na maji nayo yana siku zao. Mzee Kutu yupo. Mnapolala yeye yumo ndani ya bomba anafanya ukaguzi, na alfajiri wa kwanza kufungua robine anapewa ripoti ndani ya ndoo, nyekundu kama chai kavu. Hajawahi kugoma wala kudai malimbikizo ya mshahara, na mvua zikikata njia ya Kindu yeye hana habari, maana vifaa vyake vyote anavipata papo hapo: chuma, maji, na hewa kidogo.

Wenye wivu husema hana asili. Ana asili, tena ya kwetu. Huko Mombasa na Zanzibar maji ya visima hupita kwenye mawe ya matumbawe, yakabeba chokaa, na chokaa hiyo huganda ndani ya boila ikawa gamba jeupe. Gamba hilo linakula umeme, ni kweli, lakini pia humvisha chuma nguo. Maji yetu ya msituni hayana ukarimu huo. Yamechujwa na majani na mizizi, ni laini, yana uchachu kidogo, na chokaa ndani yake ni ya kutafuta kwa tochi. Chuma kinakutana nayo kikiwa uchi. Kwa hiyo wa pwani wana gamba lao, sisi tuna Mzee.

Tena tazameni uaminifu wake, kwa kuwa hapa ndipo anapowashinda madini wenzake wote. Maniema imejaa bati. Kuanzia miaka ya 1930 Wabelgiji wa Symétain walichimba kasiteriti, yaani mawe ya bati, kule Kalima, na mwaka 1976 kampuni hiyo ikaunganishwa na nyingine za Kivu na Maniema zikawa Sominki. Bati hilo lilikwenda wapi? Kwa sehemu kubwa, kupigana na Mzee Kutu kwenye nchi za watu. Huko hupakwa juu ya karatasi za chuma ili makopo ya dagaa na nyanya yasiliwe. Huyeyushwa kuwa risasi ya kuungia mabomba ya shaba, ambayo siku hizi, bila madini ya risasi ndani yake, karibu yote ni bati tupu. Fundi wa Brussels anapounga bomba la bafuni kwa mteja wake, huenda ameshika kipande cha mlima wetu. Bati lilipanda treni Kindu likaenda zake bila kuaga. Oktoba 1985 bei yake ikaanguka kwenye soko la London, kampuni zikapumua kwa shida, na makambi ya wachimbaji yakabaki na mabomba yao. Nani alikaa nayo? Nani alishughulika nayo kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo?

Isitoshe bati ni rafiki wa mashaka. Likiwa zima humlinda chuma, lakini likikwaruzwa tu, chuma kilicho chini yake huliwa upesi kuliko kama lisingekuwepo. Zinki ndiyo yenye utu: ukiikwaruza hujitoa iliwe yenyewe kwanza, na ndiyo maana mabati ya paa hupakwa zinki. Mzee Kutu anaiheshimu. Huila taratibu.

Kuhusu maji ya moto, wengi wetu tunayapasha kwa sufuria juu ya makala, au kwa pipa lililowekwa kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Pipa ni shamba lake zuri. Ndani kuna maji, nje moto na majivu, na joto humwongezea bidii. Siku moja kitako kinatoboka na moto unazimika wenyewe, huduma ambayo hakuna kikosi cha zimamoto kinachoitoa kwa haraka hiyo. Wachache wenye boila ya umeme wamemjengea chumba kabisa. Ila watengenezaji wa boila, kwa husuda, hutundika ndani ya tangi ufito wa magnesiamu ili aule huo kwanza aache tangi. Ni kafara, na kafara huisha. Anayetaka kumnyima Mzee riziki yake huufungua ufito huo kila baada ya mwaka au miwili, akiukuta umebaki waya anauweka mpya. Mafundi wengi hawaukumbuki mpaka tangi limeanza kutoa jasho.

Mahasidi wake wana mbinu nyingine. Hukinga maji kwenye beseni jeupe, ya baridi upande huu na ya moto upande ule. Yakiwa mekundu ya moto peke yake, wanasema amehamia tangini. Hapo huzima umeme kwanza, hufunga maji yanayoingia, wakamwaga tope kwa robine ya chini. Yote yakiwa mekundu, basi amepanga bomba zima. Yakitakata baada ya ndoo moja, alikuwa amelala tu kwenye kipande cha hapo nyumbani. Ni upelelezi usio na adabu.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi msifu wake silitetei. Boila ina vali ya usalama, inayofunguka presha ikizidi. Akiigandisha hiyo, na kidhibiti joto nacho kikafa, tangi linaweza kupasuka na kung'oa ukuta. Inueni kile kijiko chake mara kwa mara maji yatoke, na msiizibe kamwe eti kwa kuwa inadondosha. Hilo nalisema nje ya sifa.

Turudi kwenye sifa. Ukunjufu wake hauna kifani: kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, na bomba la nusu inchi hujaa vinundu hadi tundu lipungue likapitisha kalamu tu. Wengine huita huko kuziba. Mimi naita kubana matumizi. Na pale anapotoboa, fundi humfunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko mingi, umekazwa kwa meno. Mzee hashtaki. Chini ya mpira kuna unyevu, faragha na giza, na anaendelea na kazi.

Vijana wanapendekeza plastiki, ambayo kutu haiigusi. Sawa, ila bomba la kawaida la plastiki lipe maji yanayokaribia kuchemka uone linavyolegea, liache juani miaka michache livunjike kwa teke la mbuzi.

Napendekeza basi Mzee Kutu apewe nishani kwa utumishi wa muda mrefu Maniema. Iwe ya chuma, isipakwe rangi, na sherehe ifanyike wakati wa mvua.