Ombi la kuiweka simu mahabusu

Kwa Afande Mtunza Vielelezo,
Kituo tunachokijua sote, huku Tarime na Serengeti.

Msimu wa ukeketaji unakaribia, wazee wa inchama, baraza la mila, watapanga tarehe, nasi tutarekodi kama mnavyotuhimiza mikutanoni. Safari hii tunaomba simu ya ushahidi iwekwe mahabusu.

Usicheke. Mahabusu anaandikwa kitabuni na saa aliyoingia. Simu yetu inatupwa kwenye droo, kati ya chaja na soksi. Mahabusu anavuliwa mkanda. Nayo ivuliwe laini na ikatwe mtandao, mtu asije akaifuta kwa mbali akiwa Isebania, huko Kenya. Mahabusu haongei ovyo na wa nje; hii ikiita, afande wa zamu anapokea: "Halo, nani mwenzangu?" Itiwe bahasha, ipigwe lakiri mbele ya aliyeileta, naye asaini. Ikitoka isindikizwe, na kila anayeipokea aandike jina, tarehe na saa. Mtaalamu atoe nakala, aichunguze hiyo nakala, ya asili ilale. Chakula tutaleta sisi ndugu zake: pawabenki iliyojaa.

Mengine ni madogo. Msituambie "nirushie WhatsApp". Video ikipita huko inabanwa na kupoteza taarifa zake za asili. Stakabadhi iandikwe namba ya IMEI, siyo "simu nyeusi moja". Afande wa zamu abeti kwa simu yake mwenyewe. Mafuta ya gari tutachangia kama kawaida.

Na ile video ya binti aliyekeketwa, afande? Asubuhi tuliileta kaunta, jioni iko kwenye magrupu ya bodaboda. Ngariba hajahojiwa, binti keshatazamwa na soko zima. Huo ni ukatili wa pili, na mmeufanya mkiwa na sare.

Samahani, nimepandisha sauti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyosafirishwa. Mahakama ya Rufani nayo, katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilitaka safari ya kielelezo ionekane kwenye maandishi, tangu kinapokamatwa. Kumkeketa aliye chini ya miaka 18 kunaweza kuleta kifungo cha miaka 5 hadi 15. Wakili wa ngariba akiuliza simu ililala wapi, utajibu droo?

Bahasha na lakiri tumeshanunua. Tunaomba utujibu kabla shule hazijafungwa na msimu kuanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlalamikaji uliyemwambia aje kesho.