Maji ya Elan na Amri ya Bibi

Kwetu Sparkbrook, Birmingham, amri za nyumba hutolewa na Bibi, mama mkwe wangu. Ya kujifunza Kiwelisi aliitoa mezani, mjukuu wake akisoma kazi ya shule: maji ya Birmingham tangu 1904 yanatoka bonde la Elan, Wales, kwa bomba la kilomita zaidi ya 115, yakiteremka yenyewe bila pampu. Mabwawa yalipojengwa, watu wapatao mia walihamishwa, nyumba na kanisa vikazama, na fidia wakapata wenye ardhi tu.

Bibi akatua kikombe. "Miaka yote tunakunywa maji ya watu, na hata kuwaamkia hatujui?"

Tangu hapo kila safari ya gari ikawa darasa. Simu inasomesha, sisi tunaitikia, kuanzia foleni ya Stratford Road. Nililipenda darasa lile mno. Kiingereza nyumbani kwetu ni cha watoto, wao ndio wanaotusahihisha. Kiswahili ni chetu wakubwa, nao huogopa kukosea mbele ya bibi yao. Kiwelisi hakina bingwa garini. Sote tunajikwaa, na binti yangu aliyekuwa ameanza kumkwepa Bibi sasa hugombea kiti cha kando yake. Tena kina tabia tunayoijua: neno hubadilika mwanzoni. Paka ni "cath", akiwa wangu ni "nghath". Waliokua na kiti na viti hawashangai.

Hatimaye tukaenda Elan kwenyewe, kwa barabara ya A44. Masharti yalikuwa wazi: tukivuka mpaka baada ya Kington, Kiwelisi kitupu. Tukavuka. Karibu na New Radnor, tairi likapasuka.

Mume wangu akaegesha pembeni, akafungua mdomo, akaufunga. Nani anajua jeki kwa Kiwelisi? Akaonyesha buti kwa kidole. Tairi la spea lilikuwa chini ya sufuria la pilau, chupa mbili za chai, mikeka, na sambusa za Ladypool Road za kutosha harusi. Vyote vikashushwa majanini, kwa ishara, watoto wakicheka hadi kulia.

Akasimama mkulima na trekta lake. Bibi akajitengeneza mtandio, akamsalimia: "Prynhawn da!" Yule bwana akavua kofia, akasema kwa Kiingereza kwamba Kiwelisi hajui, wala babu yake hakukijua. Ndivyo ilivyo Radnor. Lugha ilitoweka huko zamani, vizazi na vizazi.

Uso wa Bibi ukabadilika. Alikuja kusalimia, akakuta msiba. Akamkaribisha mkekani, akammiminia chai ya tangawizi, na nati zilipoanza kufunguliwa akamhesabia: un, dau, tri, pedwar, pump. Bwana akafuatisha. Nati ya nne ikagoma. Akaipandia spana kwa mguu mpaka ikalegea, huku akiitaja namba yake kwa sauti. Alipoaga alisema "diolch", na binti yangu akamrekebisha matamshi kwa adabu zote.

Tulifika bwawani jua likielekea kuzama. Mama mmoja mwenye mbwa akaijibu salamu ya Bibi kwa Kiwelisi cha kasi. Tulidaka maneno mawili. Bibi akamwomba arudie polepole, naye akarudia.

Kurudi, mume wangu alitaka matokeo ya mpira redioni. Watoto wakapiga kura, akashindwa, somo likaendelea hadi Kidderminster.